Harufu ya Nyumba ya Mama Mkwe

Kabla ya kufungua chupa, Mpimaji alifukuza harufu. Aliitoa sufuria ya mtori, supu yetu ya ndizi, jikoni akaipeleka nyuma ya nyumba. Alisogeza mabuti yake ya shambani mbali na mlango. Alimwambia binti yake aache vitunguu kwanza, kisha akafungua madirisha yote ya sebuleni, hata iwe Julai na ukungu wa Kilema unaingia mpaka kwenye makochi. Ukija wakati huo umejipaka mafuta yenye manukato, ulirudishwa nje bila salamu. Mimi nilirudishwa mara nyingi.

"Nenda bombani, Mtoro. Unanuka sabuni ya vyombo."

Mtoro ni mimi. Niliacha shule darasa la sita, na tangu hapo sijakaa mahali pamoja mpaka nguo zikazoea kabati. Nimekuwa utingo wa malori pale Himo, mpagazi mlimani, muosha vyombo kwenye hoteli za watalii. Yeye watu walimwita Mpimaji kwa sababu maisha yake yote ya kazi alipima viwanja na mashamba. Nilimjua siku aliponiokota kijiweni Himo nimshikie ncha ya mkanda wa kupimia, na nikawa namrudia miaka yote kila nilipopita Moshi. Jina alilobatizwa lipo kwenye msalaba wake, kihambani kwake, yaani kwenye shamba lake la urithi, kando ya kaburi la mke wake. Anayelitaka ataliona huko.

Alipenda divai nyekundu. Nyeupe hakuitaka, alisema ni maji yaliyoona zabibu kwa mbali. Nyekundu yenyewe hakuwa na uwezo wa kuinunua mara kwa mara, na maduka ya Moshi hayakuwa na aina nyingi. Chupa zake nyingi zilitoka kwangu. Nilipokuwa naosha vyombo kwenye hoteli moja ya Marangu, wageni walikuwa wakiacha divai mezani, robo chupa, wakati mwingine nusu. Wenzangu wa jikoni waliimimina yote kwenye jagi moja wakanywa. Mimi niliweka kila moja peke yake kwenye chupa ndogo ya maji, nikapanda nazo Kilema siku ya mapumziko. Wenzangu walidhani nimepata mchumba huko juu.

Hakutaka kuambiwa divai imetoka nchi gani. Aliinusa, akaizungusha, akainusa tena, akaweka funda dogo mdomoni na kulitembeza huko kama anayesukutua, macho yakiwa kwenye dari. Halafu akatoa alama. Hakutumia nambari. Alipima divai kwa mlima. Divai mbovu ilikuwa "imebaki Himo", yaani bado iko chini kwenye vumbi na joto. Ya kawaida ilifika Kilema. Nzuri ilipita geti la Marangu ikaingia msituni. Nzuri sana ilifika Mandara, kituo cha kwanza cha wapandaji, na mbili tatu tu, kwa miaka yote niliyomjua, zilifika Horombo. Ikimshinda kabisa alisema, "Hii haijatoka stendi," akaimwaga nje kwenye mgomba.

Cha ajabu ni kwamba yeye mwenyewe hakuwahi kupanda zaidi ya msitu. Aliujua mlima kwa kuutazama. Mara moja aliniuliza Kibo, kituo cha mwisho chini ya kilele, kukoje, kwa kuwa nilikuwa nimefika huko na mizigo ya wageni.

"Baridi, mzee. Na hakuna harufu. Huku chini kuna udongo, moshi, majani. Kule hamna kitu. Unanusa pua yako mwenyewe."

Aliugeukia mlima. Kisha akasema, "Basi nimekosea kipimo." Lakini hakukibadilisha.

Alikuwa mwanafunzi wa mambo hayo, hakuwa bingwa, na alikosea makosa ambayo sidhani kama mtu wa nchi nyingine angeyakosea. Alikulia kwenye mbege. Mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, huachwa iive. Ya siku ya pili si sawa na ya siku ya kwanza. Basi chupa nzima ya kwanza aliyoletewa na mwanawe kutoka Dar, aliifungua Ijumaa, akaifunika mdomo kwa jani la mgomba, akaiweka karibu na mafiga ipate joto, akaisubiri iive. Kila asubuhi aliiinamia na kuisikiliza. Jumatatu ilikuwa siki. Aliionja, akasema, "Hii ilikuwa imeanza kupanda vizuri. Imeteleza." Binti yake aliimwagia kwenye kachumbari. Ilikuwa kachumbari tamu.

Kosa la pili nililiona kwa macho yangu. Watoto wake walimpeleka kula kwenye hoteli ile niliyokuwa nafanya kazi. Kijana wa mezani alifungua chupa, akamimina kidogo kwenye glasi ya Mpimaji, akasimama wima na kitambaa mkononi, akisubiri mzee aonje kwanza kama ilivyo desturi ya mahoteli. Sasa kwetu mlimani ni kinyume. Mwenye kukupa kinywaji hunywa kwanza yeye, mbele yako, ndipo akupe kata, ili ujue hakuna baya ndani yake. Mpimaji aliitazama ile glasi, akamtazama kijana.

"Onja wewe kwanza."

"Mzee, haturuhusiwi kunywa kazini."

"Hiyo chupa umeitoa wapi?"

"Stoo, mzee."

"Na hutaki kuinywa?"

"Si kwamba sitaki, mzee. Siruhusiwi."

"Kuna nini humo ndani ambacho wewe huruhusiwi na mimi naruhusiwa?"

Watoto wake walikuwa wameinamia sahani kwa aibu. Mwishowe kijana alikuja jikoni mbio, akanivuta kwenye karo, nikatoka na povu mpaka viwikoni. Nikapiga funda mbele ya wageni wote. Mpimaji alinitazama kwa muda, kama anahakikisha bado nimesimama, kisha akamwambia kijana, "Sasa mimina." Divai ile alisema imefika Kilema, ila upande wa misheni.

Rafiki yake mkubwa hakuwahi kunywa hata tone. Alikuwa muuza viungo mjini Moshi, Mwislamu, mwenye duka dogo karibu na soko. Mpimaji alimwita Shehe ingawa hakuwa shehe. Yeye alimwita Mpimaji Mangi, yaani chifu, kama watu wa mjini wanavyomtania Mchaga yeyote. Walijuana tangu Mpimaji alipopima kiwanja cha baba yake Shehe, na baadaye wakakuta wote wawili ni wagonjwa wa harufu. Mpimaji akishuka mjini alikuwa na kichupa mfukoni. Shehe alifungua kifuniko, akafumba macho, akanusa, akakirudisha.

"Pilipili manga," alisema. "Na kitu kama tende iliyosahauliwa kwenye kabati."

"Mke wako akikukuta?"

"Pua haina dini, Mangi. Mdomo ndio wenye dini."

"Na ukinusa sana ukalewa?"

"Utanibeba wewe mpaka msikitini, uwaeleze mwenyewe."

Walikuwa na mchezo wao pia. Shehe alificha kiungo ndani ya ngumi, akaipeleka ngumi puani pa Mpimaji, naye ataje. Iliki, karafuu, mdalasini, bizari nyembamba. Alipatia karibu kila mara, na akikosa alisingizia kwamba mikono ya Shehe inanuka noti.

Nisimfanye malaika. Kwenye kazi yake hakuwahi kumwachia mtu hata unyayo. Kaka yake mwenyewe alimpima mpaka kwenye shina la mbuni wa mwisho, wakakaa miaka bila kusalimiana kanisani. Ila kwenye divai alipendelea waziwazi: ikiletwa na mtu asiye na kitu, ilipanda juu kuliko ilivyostahili. Aliwachukia walevi, akawasema kwa majina, halafu Krismasi akiwa amechangamka aliimba peke yake kihambani mpaka mbwa wa jirani wakajibu. Siku moja alidai nimemchanganyia divai mbili kwenye chupa moja. Sikuwa nimechanganya. Alininunia msimu mzima wa mvua. Hakuwahi kuniomba radhi. Nilipopita tena nilikuta mkungu wa ndizi umewekwa mlangoni, akasema, "Huo ni wa mtu anayekwenda Himo," na aliyekuwa anakwenda Himo nilikuwa mimi peke yangu.

Nilidhani kwa muda mrefu kwamba ni mzee mwenye starehe yake tu. Kumbe alikuwa anatafuta kitu. Aliniambia siku tuliyokuwa tunapunguza matawi ya mibuni, yeye juu ya ngazi, mimi chini, kwa hiyo sikuuona uso wake.

Miaka ya nyuma, mke wake akiwa hai, parokia ilifanya jubilei ya padri wao. Alikuwepo padri mgeni aliyeleta chupa moja ya divai nyekundu, haina karatasi ya jina, imefungwa kwenye taulo. Waliokaa meza ya mbele walipata kikombe kidogo kila mmoja. Mke wake hakuwa mnywaji. Alipokea kwa heshima tu, akakisogeza puani, akafumba macho, akaanza kucheka.

"Mume wangu," alisema, "hii inanuka nyumbani kwa mama."

Akampa anuse. Na kweli. Ile nyumba ya mama mkwe wake ilikuwa ya zamani, ya majani, moto katikati, ng'ombe wamelala humo humo nyuma ya boriti, ndizi zinaivia darini juu ya moshi. Ndiko alikokwenda kumposa. Alisema alikaa pale akiwa kijana, macho yanamwasha kwa moshi, haoni mtu, anasikia sauti ya msichana anacheka gizani upande wa ng'ombe. Na yote hayo yalikuwemo kwenye kikombe cha padri.

Nyumba ile ilibomolewa, ikajengwa ya matofali na bati. Mama mkwe akafa. Kisha mke wake naye. Padri mgeni alipoulizwa alisema chupa alipewa zawadi, hajui ilitoka wapi.

"Picha yake ipo ukutani," Mpimaji alisema kutoka juu ya ngazi. "Sauti yake ipo kwenye simu ya binti yangu, anamwimbia mjukuu. Lakini mwenyewe, kama alivyokuwa siku ile ya kwanza, yupo kwenye hiyo divai tu. Nataka nimnuse mara moja tena. Mara moja, basi, nitaacha."

Hiyo ndiyo ilikuwa Kibo yake. Ndiyo maana hakuna divai nyingine iliyowahi kupita Horombo.

Tangu siku ile niliosha vyombo kwa namna nyingine. Kila hoteli niliyofanya kazi, Arusha, Karatu, Moshi mjini, nilinusa glasi kabla ya kuzitia majini. Wenzangu walinicheka. Sikujua ninatafuta nini hasa; mimi nyumba ile sikuingia. Nilikuwa natafuta moshi, ng'ombe na ndizi kwenye kitu kilichotengenezwa na watu wasioijua Kilema.

Halafu msimu mmoja wa baridi mafua makali yalipita kwenye vijiji vya mlimani. Mpimaji aliugua, akakohoa, binti yake akamchemshia tangawizi, akapona. Mimi nilikuwa mbali, nashusha mizigo Tunduma. Binti ndiye aliyeanza kushuku. Siku moja alitoka kukata majani ya ng'ombe, akarudi akakuta maziwa yameungua jikoni, nyumba nzima moshi, na baba yake amekaa palepale mlangoni anachambua maharage.

"Baba, husikii?"

"Nilikuwa nawaza."

Shehe ndiye aliyejua kwa hakika, na ndiye aliyenipigia simu. Mpimaji alishuka mjini kama kawaida, wakaanza mchezo wao. Shehe akampelekea ngumi puani. Mpimaji akavuta pumzi.

"Iliki."

Shehe akacheka, akafungua kiganja. Ilikuwa karafuu, iliyopondwa wakati uleule, ambayo hata mpita njia barabarani alikuwa anaisikia. Akampelekea ngumi nyingine.

"Mdalasini," alisema Mpimaji, bila hata kuvuta pumzi.

Ngumi ile haikuwa na kitu.

"Nilidhani ananitania," Shehe aliniambia kwenye simu. "Nikamwangalia. Alikuwa ananitazama kama mtoto aliyevunja sahani. Nikamwuliza, Mangi, tangu lini? Akasema, tangu mafua. Nikamwuliza mbona hukusema. Akaniambia, 'Nikisema itakuwa kweli.'"

Hospitali walimwambia asubiri, kuna watu hurudiwa. Alisubiri msimu wa kahawa, na mwingine. Kila asubuhi alichuma jani la mchaichai, akalisugua mikononi, akalipeleka puani, akalitupa. Binti yake alikuwa anamwona dirishani na hakumwambia kwamba anamwona.

Mara ya mwisho nilikwenda kwake nikitoka Karatu. Jioni moja mgeni alikuwa amerudisha chupa baada ya funda la kwanza. Mpishi aliiweka kwenye karo mbele yangu huku anacheka: "Eti inanuka zizi." Niliinusa. Niliinusa tena. Nilirudisha kizibo, nikaifunga chupa ndani ya sweta, na asubuhi niliaga kazi. Nilishuka Moshi, nikaenda moja kwa moja dukani kwa Shehe. Yeye magoti yalikuwa mabovu, na kwa miaka yote ya urafiki wao hakuwahi kupanda Kilema. Alinusa chupa mara moja, akafunga duka.

Mpimaji alikuwa barazani, amepungua, koti limekuwa kubwa kuliko yeye. Alimwona Shehe anashushwa kwenye gari.

"Shikamoo, mzee," nilisema.

"Marahaba, Mtoro. Shehe! Nani amekufa?"

"Hakuna bado, Mangi. Nimekuja kuhakikisha si wewe."

Alipoiona chupa uso wake ulibadilika. Hakuniuliza nimeitoa wapi. Alituingiza sebuleni, akatoa glasi, akaifuta kwa ncha ya shati, akamimina, akampa Shehe. Binti yake akaja kusimama mlangoni.

"Sema," alisema Mpimaji.

Shehe aliingiza pua, akakaa humo.

"Moshi."

"Wa nini?"

"Wa kuni."

"Kuni gani?"

"Mangi, mimi mtu wa mjini. Napikia gesi."

"Endelea."

"Ngozi. Hapana, si ngozi. Mnyama, na yu hai."

"Ng'ombe au mbuzi?"

"Nitajuaje? Sijawahi kulala na ng'ombe chumba kimoja."

"Sisi tumelala nao. Ndizi je?"

Shehe alinusa tena, muda mrefu. "Kuna kitu kitamu, kimeiva kupita kiasi. Inaweza kuwa ndizi. Inaweza kuwa fenesi."

"Ndizi au fenesi, Shehe?"

"Wallahi sijui."

Mpimaji akamgeukia binti yake. Binti akaja, akanusa, akafikiri kwa uso uliokunjamana. "Nilikuwa mdogo, baba, walipoibomoa. Nakumbuka giza tu."

Nilitaka kusema ndiyo, ni yenyewe, nimeipata. Nilimtazama Shehe nikaona neno hilohilo liko mdomoni mwake.

"Mangi," alisema polepole, "nikikwambia ndiyo, utaniamini?"

"Hapana."

"Basi siwezi kukwambia."

Mpimaji alipokea glasi. Alipeleka pua ndani kama zamani, akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda, akakaa hivyo. Kisha akanywa funda moja, akaliweka mdomoni, macho kwenye dari. Tulikuwa tunasubiri alama. Akameza.

"Kali kidogo," alisema. "Kisha maji."

Shehe aliinuka kwa shida, akasema anatafuta mahali pa kutawadha. Binti alimpelekea birika nje. Tulibaki wawili. Mpimaji alisogeza glasi kuelekea kwangu juu ya meza, kwa kidole kimoja.

"Nusa, Mtoro."

"Nimeshanusa, mzee, huko Karatu."

"Nusa tena. Vizuri, taratibu. Mimi siwezi tena kujua kama ni yeye. Lakini kama ni yeye, asije akapita humu ndani hakuna mtu aliyempokea."

Niliishika kwa mikono miwili. Nilinusa mpaka machozi yakatoka, na alikuwa ananitazama usoni wakati wote, kwenye pua, kwenye macho, kama anasoma.

"Umeipata?"

"Nimeipata, mzee."

"Utaikumbuka?"

"Nitaikumbuka."

"Haya," alisema, akageuza uso dirishani. "Usinieleze ikoje."